Diski Isiyolia

Ndihokubwayo alikuwa na maneno yake ya kuuzia, na aliyatoa kwa mpangilio uleule kila siku, kama sala ya asubuhi. Diski ya kuzunguka, alisema, ina sahani ndani yake na mkono unaosoma juu ya sahani. Ukiiangusha, mkono unaikwaruza sahani, na mambo yako yamekwisha. Nawe unaishi Kigali, mji wa kupanda na kushuka, laptopu mgongoni, pikipiki inaruka tuta, na jioni unarudi njia ileile. Diski ya namna hiyo itakuvumilia hadi lini? SSD ni chipu tupu, haina sahani wala mkono. Hakuna kinachozunguka, basi hakuna cha kuvunjika. Akifika hapo alichukua SSD moja ya maonyesho, akaitupa sakafuni mbele ya mteja, akaiokota, akaichomeka, na kompyuta ikawaka kabla mteja hajafunga mdomo.

Watu walikipenda kitendo kile. Kibanda chake kilikuwa Gitega, mtaa wa Kigali, kati ya mwuza viatu vya mtumba na mama mmoja mkaanga sambaza, visamaki vya ziwani, na wateja wake wengi walikuwa watu waliokulia Bujumbura kama yeye. Wakisikia Kiswahili cha Buyenzi, mtaa wa kwao Bujumbura, kinywani mwake walilegea mabega. Jina lake lilikuwa refu, wakalikata, wakamwita Ndiho. Hakuwa tapeli. Nalisema hili mapema, maana kabla hatujafika mwisho utataka kumwita hivyo, nami sitakuwa na hoja ya kumtetea.

Kuhusu bei, mambo yalikuwa hivi. Miaka michache nyuma SSD ilikuwa kitu cha watu wa mashirika na wenye magari. Mwalimu au mwuza nyanya aliisikia tu. Sasa bei ilikuwa imeshuka, lakini ilishuka kwa ngazi mbili. Kulikuwa na ile ya madukani mjini, ndani ya boksi lililofungwa, yenye dhamana ya miaka mitatu. Na kulikuwa na ile aliyoileta mchuuzi mmoja kwenye begi, haina boksi, ina kibandiko tu, na bei yake nusu. Ndiho aliuza za begini. Alizipima kwa programu ya kupima afya ya diski, programu ikasema mia kwa mia, naye akaiamini kwa sababu kuiamini kulikuwa na faida. Nyingi zilifanya kazi vizuri. Hiyo ndiyo hila ya vitu rahisi: vingekuwa vinakufa vyote siku ya kwanza, asingedanganyika mtu.

Alikuwa pia na utaratibu mmoja uliompa jina. Mteja asiyeweza kulipa bei yote aliacha diski yake ya zamani ikawa sehemu ya malipo. Lakini Ndiho hakuiuza papo hapo. Alinakili kila kitu kwenye SSD, kisha ile ya zamani akaibandika karatasi yenye jina la mwenyewe, tarehe, na neno USIFUTE kwa wino mwekundu, akaiweka kwenye droo siku tisini. SSD ikileta matata ndani ya siku hizo, ya zamani ipo na kila kilichokuwemo. Akiba haiozi, alikuwa akisema huku akizungusha ufunguo wa droo, na mteja akaondoka na moyo mweupe.

Mwishoni mwa Septemba alikuja Médiatrice. Huyu alikuwa mwuza vitenge wa soko la Kimironko, Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya sokoni hata anapokuomba radhi. Laptopu aliikumbatia kifuani, imezungushiwa kitenge mara mbili, wala hakuiweka chini mpaka Ndiho alipoifuta meza.

“Iko inalia,” alimwambia. “Tik, tik, inanyamaza. Halafu tena tik. Mi sitaki ikufe, mdogo wangu. Iko na sauti ya mume wangu ndani.”

Ndiho alidhani mume amefariki, akampa pole. Médiatrice akamwambia hapana, yupo nyumbani, na pengine saa hizi anapiga pasi.

Ndipo akamweleza. Mumewe, Léonidas, alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Saratani ilimshika koo, na mwezi wa Juni madaktari wakaliondoa sanduku la sauti ili wamwachie uhai. Sasa alipumulia kwenye tundu la shingoni, akalifunika kwa kitambaa cheupe, na akitaka kusema jambo aliandika kwenye daftari. Jioni ya mwisho kabla ya kwenda hospitali alijifungia chumbani na laptopu ile akajirekodi dakika arobaini. Yalikuwa maneno ya kumuaga Iteka, binti yao wa pekee, ambaye harusi yake ilipangwa tarehe kumi na nne Desemba. Wenyewe huyaita impanuro: mzazi anasimama mbele ya watu na kumwambia mtoto anayeondoka jinsi ya kuishi huko aendako. Léonidas alijua siku hiyo atasimama bila sauti, kwa hiyo akaitanguliza.

Ndiho aliuliza kama kuna nakala mahali pengine, kwenye simu au wapi. Hakuna. Léonidas alikataza. Maneno ya baba kwa binti yake, aliandika, husikika mara moja tu, na wa kwanza kuyasikia ni binti mwenyewe. Yakipitia kwanza kwenye simu za mashangazi, siku ya harusi yatakuwa porojo iliyopoa. Hata Médiatrice hakuwahi kuyasikia. Alikuwa mke wa mtu kwa miaka thelathini, na hakujua mumewe alisema nini katika dakika zake arobaini za mwisho za kusema.

Fundi mwingine angetikisa kichwa kwa ushirikina ule, akajiwekea nakala kimyakimya kwenye kompyuta yake. Ndiho naye aliwaza hivyo. Lakini alikuwa amelelewa na watu wa namna hiyohiyo, watu ambao neno la mzazi kwao si faili. Aliuliza kama aiweke nakala moja kwake, kwa usalama tu, na Médiatrice akajibu hata kwako hapana, naye Ndiho akaona ni haki. Akakubali kuihamisha sauti bila kuifungua wala kuibakiza kwenye kompyuta yake. Kwa adabu hiyo hiyo, si kwa uzembe, wote watatu walichimba shimo.

Ikabaki kuchagua SSD. Ndiho akamtajia bei mbili. Médiatrice akatoa bahasha. Mumewe alikuwa amempa fedha ya kutosha ile ya juu na kumwandikia kwenye daftari maneno matatu: chukua ya kudumu. Lakini harusi ilikuwa inawala kila siku, na yeye alikuwa amekwisha kuona kitenge cha kuwavalisha dada zake sare. Aliishika bahasha kwa mikono miwili kama mtu anayepima nyama.

“Sasa niambie kweli,” akasema. “Kama ni mama yako, ungemwekea gani?”

Hapa ndipo penyewe. Ile ya juu Ndiho hakuwa nayo. Kuifuata mjini ilikuwa safari ya dakika ishirini kwa pikipiki, na ng'ambo ya barabara fundi mwingine alikuwa ametundika bango jipya wiki ile. Mteja aliyeachwa anangoja hutazama mabango.

“Zote ni moja, mama Iteka,” alisema. “Ile ya mjini unalipia boksi.”

Alifanya kazi yake vizuri, hilo asinyimwe. Alinakili kila kitu na kuhakikisha ukubwa wa faili ya sauti haukupungua hata chembe. Laptopu ikawaka upesi mpaka Médiatrice akacheka, na aliondoka ameshukuru, diski ya zamani ameiacha iwe sehemu ya malipo.

Kesho yake, alipoipima diski ya zamani kabla ya kuifungia kwenye droo, aligundua kitu. Diski ilikuwa nzima. Mlio ule wa tik tik ulitoka kwenye kiungo cha umeme kilicholegea ndani ya laptopu, kile alichokibadilisha jana wakati wa kuweka SSD. Diski ilikuwa ikikosa umeme, inastuka, inaanza upya. Kipande cha kiungo cha bei ya soda mbili kingeitengeneza, na ingezunguka miaka mingine mitano. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu mama alikuwa ameuacha mbacha wake mzima kwa ushauri wa fundi. Ndiho akafikiri kumpigia simu. Akajiambia hakuna aliyepata hasara, SSD ni bora hata hivyo, na kweli ni bora. Akaibandika karatasi: Médiatrice, hadi tarehe ishirini na tatu Desemba, USIFUTE.

Siku ya tisa akaingia Gasana. Huyu alikuwa msimamizi wa ujenzi huko Kinyinya, mcheshi, aliyekulia Uganda, mteja wa kulipa bila kelele. Nondo na saruji zilikuwa zinaibwa kazini kwake. Mwenye jengo alikuwa amenunua kamera za ulinzi pamoja na kisanduku cha kurekodia, lakini kisanduku hakikuwa na diski, na mwenye jengo alikuwa anakuja saa tisa alasiri kuona kamera zinafanya kazi. Gasana alitaka diski ya kuzunguka, kubwa, nzima, sasa hivi. Ndiho akafungua droo. Zilikuwa nne. Tatu zilikuwa mbovu za kweli.

Aliisoma karatasi ya ile ya nne. Siku themanini na moja zilikuwa zimebaki. Akajiuliza, katika siku themanini na moja, SSD yenye afya mia kwa mia itapatwa na nini? Akaitoa, akaipitisha kwenye kompyuta, akaifuta, akampa Gasana. Hakubandua hata karatasi.

Oktoba ikapita, Novemba ikapita. Léonidas alikuwa na desturi mpya, ambayo Ndiho aliisikia baadaye. Kila Jumapili baada ya misa aliiwasha laptopu, akafungua sehemu ilipokuwa faili ile, akalitazama jina lake: KWA ITEKA. Hakuigusa. Aliangalia tu kama ipo, akazima.

Jumapili ya kwanza ya Desemba laptopu ilionyesha kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi. Haikupiga kelele. Diski ya zamani ilikuwa inalalamika wiki nzima ukapata muda wa kuhangaika; hii haikusema kitu jana, haikusema kitu leo. Jumatatu asubuhi Médiatrice alikuwa mlangoni Gitega kabla Ndiho hajafungua kufuli, na kwa mara ya kwanza alizungumza kwa sauti ndogo. Alisema haiwaki, pengine ni betri.

Haikuwa betri. Ndiho aliitoa SSD akaichomeka kwenye kompyuta nyingine, kisha nyingine. Ilijitambulisha kwa jina la kiwandani ambalo hakuwahi kuliona, na ukubwa wake ukasomeka sifuri. Akamwambia Médiatrice amwachie siku mbili, na alipokuwa peke yake akalipasua ganda la SSD. Ndani mlikuwa na ubao mdogo kuliko kidole gumba, chipu ndogo katikati, na kando yake chipu mbili zilizokwanguliwa maandishi. Zilikuwa zimetolewa kwenye mashine nyingine, zimetumika mpaka zimechoka, zikapewa kibandiko kipya na kurudishiwa mia yao kwa mia. Programu haikusema uongo, ilisoma ilichoandikiwa.

Akaipeleka mjini kwa Cyusa, fundi aliyesomea kazi hizi na mwenye mashine ya kusoma chipu. Cyusa hakumpa matumaini hata ya dakika moja. Alimweleza kwamba SSD huzichanganya data zake inapoziandika, kama karata, na anayejua zilivyochanganywa ni ile chipu ndogo ya katikati, nayo ndiyo iliyokufa. Zile zilizobaki unaweza kuzisoma, lakini utapata mchanga. Kisha akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza: diski ya zamani iko wapi?

Ndiho alipanda pikipiki kwenda Kinyinya. Njia nzima alimwomba Mungu kwa jina alilopewa na wazazi wake, maana jina Ndihokubwayo lenyewe ni kukiri kwamba nipo kwa ajili yake. Aliomba kamera ziwe zimeharibika, mwenye jengo awe amegombana na Gasana, umeme uwe ulikatika tangu Oktoba. Alimkuta Gasana anakagua mchanga. Gasana akampokea kwa furaha, akamwambia kamera zimekuwa dawa, tangu zifungwe hakuna hata nondo moja iliyotembea. Akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na lango la mabati na rundo la kokoto, na saa pembeni inahesabu.

Walipofungua kisanduku, karatasi ilikuwa bado pale, na mwandiko wa wino mwekundu ulikuwa wake mwenyewe. Gasana alisema aliiona siku ile na kujiuliza ni ya nini, lakini alidhani ni mambo ya mafundi. Ndiho akaomba kuiazima, akaacha nyingine mahali pake. Alikuwa anajua. Kisanduku cha kamera hakichagui. Kinaandika usiku na mchana mpaka diski ijae, kisha kinarudi mwanzo na kuandika juu ya kilichokuwepo. Kwa miezi miwili ilikuwa imejaa mara tatu. Hata hivyo aliiweka kwenye programu ya kufukua faili zilizofutwa, akakaa nayo siku mbili bila kupokea kazi nyingine. Ilifukua lango. Ilifukua lango na mbuzi, lango na mvua, lango na mlinzi anayekunywa chai. Sauti ya Léonidas haikuwemo.

Siku ya pili jioni Médiatrice alirudi. Ndiho alimweleza kwamba SSD imekufa na hakuna wa kuifufua. Mama yule akakumbuka jambo, uso ukamchanua.

“Ile ya zamani si iko kwa droo? Siku tisini hazijafika.”

Ndiho alikuwa na nafasi pale. Ilikuwa sentensi moja tu: niliiuza, nisamehe. Akaitazama droo, akafikiria jina lake likipita katika kinywa cha mwuza vitenge, soko zima la Kimironko, kanisa zima, kila mtu wa Bujumbura aliyepo Kigali.

“Nayo imekufa, mama Iteka,” alisema. “Nimeijaribu. Si ulisikia mwenyewe ilivyokuwa inalia?”

Médiatrice akaitika kwa kichwa. Ndiyo, aliisikia. Hakumlaumu hata kidogo. Alisema kosa ni lake, alipewa fedha ya ile ya kudumu akanunua kitenge, na cha rahisi ndicho ghali. Ndiho alimrudishia fedha yake yote na kumwekea bure SSD ya mjini, yenye boksi na dhamana, iliyo tupu. Mama akamshukuru na kusema harusi asikose.

Hakukosa. Alikaa nyuma ya ukumbi, karibu na wapiga ngoma, akiwa amevaa tai ya kuazima. Wakati wa impanuro ulipofika, akasimama baba mdogo wa bibi harusi, mtu mwema wa maneno mengi, akasema ambayo husemwa: uvumilivu, sala, heshima kwa wakwe. Iteka alikuwa anamsikiliza baba mdogo huku macho yako kwa baba. Léonidas alikaa wima katika suti ya kijivu, kitambaa cheupe shingoni, mikono juu ya magoti. Kushoto kwake alikaa Médiatrice katika kitenge kile cha sare, pamoja na dada zake wote, na katika saa nne za sherehe Léonidas hakugeuza uso upande huo hata mara moja. Ndiho aliliona hilo, akajiambia ni uchungu wa siku tu.

Mwaka mpya ukaingia. Ndiho aliacha kutupa SSD sakafuni. Mchuuzi wa begi alipokuja alimfukuza, akaanza kufuata za mjini, na wateja wa fedha ndogo akawashauri watengeneze walizo nazo. Fundi wa ng'ambo aliwachukua wengi. Yeye akaiona ni kitubio, na kitubio cha namna hiyo ni chepesi, kwa kuwa hakuna anayekusikia.

Kisha mwezi wa Februari Iteka alipita kutafuta chaja. Ndiho akamuuliza habari za nyumbani, jinsi mtu anavyouliza, naye akamjibu jinsi watu wasivyojibu. Alisema baba hamwandikii mama. Siku mama aliporudi na kukiri kwamba alinunua ya rahisi nayo imekufa, baba alifungua daftari, akarudi nyuma mpaka kwenye ukurasa wenye yale maneno matatu, akayawekea kidole mbele ya macho ya mama, akafunga. Tangu hapo anamwandikia padri, anamwandikia mwuza maziwa, anamwandikia Iteka kurasa nzima. Kwa mama, hata neno. Akitaka chumvi anainuka mwenyewe. Mama anapika, anauliza, anajijibu, anakwenda sokoni. Amekonda.

“Baba si mtu mubaya,” Iteka alisema. “Lakini anaona mama ndiye alimufunga mdomo mara ya pili.”

Ndiho alimpa chaja na kukataa malipo. Usije ukafikiri alikimbia kwenda Kimironko siku ileile. Alichukua wiki tatu. Wiki ya kwanza alijidai kazi nyingi, ya pili alijidai kwamba mambo ya mume na mke hayaingiliwi, na ya tatu hakujidai chochote, alikuwa akiogopa tu. Jumapili ya tatu, saa nane mchana, alipiga hodi nyumbani kwao.

Médiatrice alikuwa ameketi barazani, anachagua maharage kwenye ungo. Léonidas alikuwa kwenye kiti upande wa pili wa mlango, daftari mapajani, anatazama barabara. Kati yao kulikuwa na meza ndogo na vikombe viwili, kimoja kwa kila upande. Ndiho alikaribishwa na mama, akaketi kwenye kibao, akakataa chai, kisha akasema yote bila kutua, kwa sababu alijua akitua hataendelea. Alisema ya mjini na ya begi hazikuwa moja, na alilijua hilo. Alisema aliulizwa kuhusu mama yake mwenyewe akadanganya, kwa kuwa hakutaka kupoteza mteja. Alisema diski ya zamani ilikuwa nzima, iliyolegea ni kiungo tu. Alisema aliiuza siku ya tisa, na kwamba sauti ilifutwa na lango la mabati huko Kinyinya. Alisema haya akiitazama miguu yake.

Hakuna aliyemkatiza. Mmoja hakuweza, mwingine hakutaka. Alipoinua macho, Léonidas alikuwa ameuweka mkono wake kwenye kitambaa cha shingo, na pumzi ilisikika ikipita pale kwa nguvu. Ndiho alikuwa amejiandaa kulaaniwa. Alitamani hasa kulaaniwa, aandikiwe jina lake na chini yake neno lolote, aondoke nalo. Lakini mzee hakumtazama. Alimtazama mkewe, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu na kuanza kuandika.

Médiatrice aliendelea kuchagua maharage. Vidole vilikwenda vilevile, jiwe huku, bovu kule.

“Ungekuja mbele ya harusi,” alimwambia Ndiho taratibu, “angeniangalia siku ile.”

Ndiho alisema nisamehe, neno ambalo angelitoa Desemba lingekuwa na kazi.

Léonidas aliandika kwa muda mrefu. Alijaza ukurasa, akageuza, akaandika nusu ya upande wa pili, mkono unakimbia na machozi yanadondoka kwenye wino bila kufutwa. Alipomaliza aliuchana ukurasa kwa uangalifu, mstari ukatoka umenyooka, akaunyosha juu ya meza ndogo kuelekea upande wa mkewe. Médiatrice aliuona. Hakunyosha mkono.

Mumewe alikuwa na masikio mazima, lakini aliyemwambia alikuwa Ndiho.

“Miezi mitatu nimengojea hiyo karatasi,” alisema. “Usiku nilikuwa nafungua daftari yake nikidhani labda ameniandikia neno akasahau kunionyesha. Sasa na yeye angoje.”

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani kupika. Léonidas alibaki na mkono umenyooka juu ya meza, na Ndiho akiwa ameketi pale kwenye kibao hakujua kama aondoke au akae.